Mawe Hayakupakwa Chokaa

Fomu mpya ilifika Jumatano, saa nne ya chai,
bahasha imelowa jasho la tarishi.
Kurasa kumi na moja. Ile ya zamani ilikuwa na nne,
na zote nne nilizihifadhi kama Yasini:
vyoo vingapi, madawati mangapi,
azimio la kazi limetiwa saini au halikutiwa,
ua umefagiwa.

Nilikuwa bingwa wa zile nne.
Miaka ishirini na miwili hapa Mlaleo, nani hajui?
Mkaguzi akitajwa Kongowea, mimi huku nishakoroga chokaa.
Mawe ya njiani tuliyapaka hadi yakafanana na meno ya bandia.
Madawati tuliazima kwa jirani, yakaruka ukuta usiku;
wiki ya pili yakaruka kurudi, mkaguzi sasa yuko kwao.
Dawati moja lilikaguliwa mara tatu mwaka mmoja,
likafaulu kote.

Na watoto. Hili nalisema polepole.
Wasiojua kusoma tuliwapa ruhusa siku hiyo.
"Kesho kaa nyumbani, umsaidie mama," nilimwambia Mbodze
wa darasa la sita. Akanishukuru.
Kwa mikono miwili akanishukuru.

Sasa ukurasa wa saba unasema:
mkaguzi atachagua mtoto yeyote, amwombe aoneshe alichojifunza.
"Yeyote," akarudia Mwadime wa hisabati,
kana kwamba ni jina la ugonjwa.

Chumba cha walimu kikachemka kuliko birika.
Mmoja akasema tuwakaririshe wote jibu moja.
Mwingine, tungoje, viwango hivi navyo vitabadilishwa
kabla wino haujakauka.
Bi. Zuhura, ambaye beti humtoka kama wengine chafya,
akaandika nyuma ya rejista iliyokwisha:

     Chokaa tuliyopaka, mawe yakimeremeta,
     Mvua moja ikishuka, yote hapo hujifuta,
     Na mwana tuliyemweka, nyumbani tukamfita,
     Ndiye leo wamtaka, ni wapi tutamwokota?

Hakuna aliyecheka.
Mwalimu mkuu, Bi. Mghoi, akaisukuma kando sahani ya mahamri:
"Kabla mkaguzi hajaketi nyuma ya darasa lako, aketi mwenzako.
Tunaanza Alhamisi."

Alhamisi Mwadime akaketi nyuma yangu.
Chaki ilinivunjika mara mbili.
Baadaye akanipa karatasi, bila kunitazama:
Umeuliza maswali thelathini na moja.
Ishirini na sita umejijibu mwenyewe.

Nilinuna hadi Jumatatu.
Jumatatu nikahesabu. Alikosea: yalikuwa ishirini na saba.
Basi nikajifunza kunyamaza,
kazi nzito kwa mtu aliyelipwa miaka yote kusema.

Mkaguzi alikuja Julai, kijana, viatu vimejaa vumbi la Kisauni.
Kidole chake kikapita madawati, kikamwangukia Nyevu,
binti wa muuza maji.
Nyevu akaomba mtungi na kikombe.
Akamimina, akahesabu, akamwaga kidogo sakafuni.
"Mkokoteni wa mama una mitungi kumi," akasema.
"Mmoja una ufa. Kila safari unapoteza vikombe viwili.
Kwa wiki, mama hubeba mtungi mzima bure."
Hilo halikuwa kwenye andalio langu la somo.

Kisha akapewa kitabu. Akasoma kama mtu avukaye kwenye matope,
mguu huu, kisha ule.
Kwenye neno uwajibikaji akasimama.
Mimi, nyuma, midomo ilinicheza kumwambia. Nikaibana.
"Hili bado," akasema Nyevu,
akageuza ukurasa.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu.
Sikuona alichoandika.
Langoni akauliza kama mawe yale yaliwahi kuwa meupe.
Nikamjibu: yaliwahi.

Ripoti haijafika hadi leo.
Chokaa imeganda ndooni, store.
Mbodze nasikia yuko sokoni Kongowea, anauza bamia,
chenji hakosei hata shilingi.
Mafungu yake hayana bei iliyoandikwa; huitamka.
Fomu ina kurasa kumi na moja na hana mahali humo.
Mara mbili nimefika hadi kwenye vitunguu,
nikageuka.